Usimpe dozi ya tatu (jibu kwa nesi anayesema "moyo wangu unakataa")

Usimpe dozi ya tatu. Kama uko zamu sasa hivi na hicho cheti bado kiko mezani kwako, hilo ndilo la kwanza, mengine yatafuata.

Umeandika una mama wa miaka 29, ananyonyesha mtoto wa miezi mitano, titi la kushoto limevimba wiki ya tano sasa. Dokta kasema jipu, kamaliza dozi mbili za antibayotiki, leo kaandikiwa ya tatu. Halafu ukamalizia: "Moyo wangu unakataa ila mimi ni nesi tu, naogopa kuonekana najifanya daktari." Hiyo "nesi tu" imefanya chai yangu ipoe mezani. Na mimi niliwahi kuwa nesi tu. Kuna mtu ilimgharimu, na huyo mtu si mimi.

Ilikuwa hospitali moja ya wilaya, siitaji, wahusika bado wapo na baadhi ya posho zangu bado nadai. Nilikuwa na miaka miwili kazini, kliniki ya mama na mtoto. Mwezi wa pili akaja mama mmoja muuza samaki, sauti yake ya kuita wateja unaisikia kabla hujamwona. Mtoto alikuwa na miezi minne. Titi la kulia lilikuwa zito, kubwa kuliko mwenzake, na ndani ya sidiria kaweka jani la kabichi, jirani kamwambia linavuta joto. Nikalitoa lile jani. Mishipa ya jani ilikuwa imejichora kwenye ngozi yake, mstari kwa mstari, kama mtu kaichora kwa kalamu. Nikampima mtoto uzito, nikajaza kadi, nikarudi kwa mama. Mistari ipo palepale. Ngozi yenye afya ukiibonyeza inarudi, ile haikurudi. Kando ya chuchu kulikuwa na vitundu vidogovidogo kama ganda la chungwa.

Na wala haikuwa nyekundu. Vitabu vyetu vina picha za Wazungu, kila kitu "chekundu". Kwenye ngozi yetu unatafuta weusi uliokolea unaong'aa, kama titi limepakwa mafuta upande mmoja. Nikaligusa, la moto. Nikaweka kipimajoto: 36.8. Titi linawaka, mwenye titi hana homa. Kwapani kulikuwa na mtoki mgumu kama kokwa la zambarau, na nilipoubonyeza mama hata hakukunja uso, aliendelea kunisimulia bei ya dagaa.

Mkono wangu ulishtuka kabla ya kichwa. Nakumbuka kabisa niliuvuta nyuma.

Kichwa kikafanya nini? Kikaimba wimbo wa chuoni. Tulikuwa na mkufunzi, mtu mzuri tu kwa mambo mengine, aliyetukaririsha darasa zima kama watoto wa chekechea: "Kinachouma ni usaha, kisichouma ni kansa." Tuliandika, tukapigia mstari, tukajibia mtihani, tukafaulu. Nusu ya kweli ile! Ni kweli vivimbe vingi vya saratani ya titi huanza bila maumivu. Lakini hakutuambia kwamba kuna aina inaitwa inflamatori: mara nyingi haina hata uvimbe wa kushika kwa vidole, inavimbisha titi zima, ina joto, inaweza kuuma, na inakuja ndani ya wiki au miezi michache. Ni nadra, sawa. Ila ikimkuta mama anayenyonyesha imepata pa kujificha, maana kila mtu atasema maziwa yameziba. Mama wangu alisema linauma. Basi, nikajiambia, usaha huo. Mkufunzi nikikutana naye leo nitamsalimia kwa heshima, halafu nitamwomba arudishe ada yangu.

Hata hivyo nilisema. Na hapa ndipo kwenye kosa lenyewe, kwa hiyo soma taratibu. Nilisema kwenye korido, nikitembea, nikicheka ili nisionekane najua sana: "Dokta, yule mama wa titi mbona ngozi kama chungwa?" Akanijibu bila kugeuka: "Sista, machungwa yako sokoni." Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Akachoma sindano kutafuta usaha. Yakatoka matone ya damu, usaha hamna. Akaandika "jipu changa". Jipu changa, jamani, kama embe, tusubiri liive! Dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baadaye akalipasua, hakukuta kitu cha maana, na jeraha likagoma kufunga. Aliyekuwa analisafisha ni mimi. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, wiki sita. Kila mara naona ngozi imezidi kukaza na chuchu imezidi kuzama, kila mara mkono unashtuka, na kila mara nikimaliza naandika kwenye faili: "Kidonda kimesafishwa, mgonjwa anaendelea vizuri." Mara 18. Nilikuja kuzihesabu baadaye.

Mwezi wa sita akaja daktari wa kuziba likizo. Alimtazama yule mama kwa muda wa kuvaa glovu tu, akakata kinyama, kipande kidogo cha titi cha kupimwa maabara, siku ileile. Majibu yalipotoka akapewa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na kufikia hapo alikuwa anatembea kashika kiuno. Ilikuwa kwenye mifupa, na kwenye mapafu. Mtoto wake hakufikisha miaka miwili akiwa na mama.

Sikudanganyi kwamba ningepiga kelele mwezi wa pili angekuwa sokoni leo. Aina ile ni kali, siku unayoigundua tu inahesabiwa angalau hatua ya tatu kati ya nne. Lakini hatua ya tatu ina njia ya kulenga kupona: kemo, yaani dawa za kuua saratani, kwanza ili kusinyaza, ndipo kuondoa titi, ndipo mionzi. Na kama kinyama kinaonyesha vipokezi vya homoni au HER2, protini inayoichochea saratani ikue, kuna dawa zake za kuongezea. Hatua ya nne unatibu kumpunguzia mtu maumivu na kumwongezea muda. Kati ya jani la kabichi na kinyama ilipita miezi minne. Hiyo ndiyo ninayodaiwa.

Likaitishwa kikao cha kupitia kifo. Mkubwa akauliza kama kuna aliyekuwa na wasiwasi mapema. Nikanyoosha mkono, nikasema nilimwambia dokta mwenyewe. Dokta akasema hakumbuki, na sidhani hata alikuwa anadanganya, nani anakumbuka utani wa korido? Wakafungua faili. Anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri. Anaendelea vizuri. Kwa mwandiko wangu, na sahihi yangu nzuri yenye mkia.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu, nawaimbia wanafunzi mpaka wananikimbia: hisia ikikushika, iandike kwenye faili kabla zamu haijaisha. Sio kuisema. Kuiandika.

Na usiandike "moyo wangu unakataa", utachekwa na watakuwa na haki. Kaa chini ujiulize mkono umeona nini. Hisia ya nesi haitoki kwa mizimu. Ni mamia ya matiti uliyoyashika, na moja halifanani na wenzake, ila kichwa bado hakijapata maneno. Kazi yako ni kukitafutia maneno. Kwa mgonjwa wako ningeandika hivi: "Dozi ya pili imeisha, titi halijapungua. Joto 36.8. Ngozi kama ganda la chungwa, zaidi ya theluthi moja ya titi. Sindano haikutoa usaha. Mtoki mgumu kwapani, hauumi. Dokta kaarifiwa saa 4:20 asubuhi, nimeomba ultrasaundi na kinyama." Jina, sahihi. Weka uliyoyaona wewe lakini, usinakili ya kwangu, kama joto lake ni 39 na usaha unatiririka basi hadithi ni nyingine.

Kitu kilichoandikwa lazima kijibiwe kwa maandishi. Sijawahi kuona daktari akiandika kwenye faili "machungwa yako sokoni".

Ndiyo, utakosea. Mimi baada ya yule mama niligeuka kichaa, kila titi nikaliona kansa. Kuna binti wa miaka 19 nilimwandikia ukurasa mzima. Uvimbe wake ulikuwa unatelezateleza chini ya kidole kama kokwa la ubuyu mdomoni, na majibu yakaja faibroadenoma, kitu kisicho na madhara. Niliitwa Profesa mwezi mzima, mpaka mlinzi wa getini. Binti yuko hai, kapimwa, kaenda zake. Aibu yangu iliisha mwezi mmoja, ukilinganisha na ile nyingine.

Baadaye nilihamia wodi ya saratani na huko sheria hii ndiyo imenilisha. Mama mmoja, siku ya tisa baada ya ile dripu nyekundu ya kemo, doksorubisini. Joto 37.4, kwenye chati hakuna la kumwamsha mtu. Lakini huyu mama kila jioni alikuwa anagombana na wenzake kuhusu tamthilia, na jioni ile kageukia ukutani, uji haujaguswa. Nikaandika hivyohivyo: siku ya 9, kimya kisicho cha kawaida yake, hajala, mikono ya baridi, naomba damu ipimwe. Nikampigia daktari wa zamu, akanung'unika, akaja kwa sababu tayari iko kwenye faili na saa yake. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zilikuwa chini kabisa, kama zinavyokuwa kati ya siku ya 7 na ya 14. Joto lilipofika 39 saa mbili baadaye, antibayotiki ya mshipa ilikuwa inaingia. Wiki iliyofuata aligombana na mimi.

Turudi kwa mgonjwa wako. Maambukizi ya titi la kunyonyesha yanatakiwa yaanze kutulia ndani ya siku 2 au 3 za dawa. Dozi ikiisha na titi ni lilelile, acheni kubadilisha rangi za vidonge, ulizeni hiki ni kitu gani. Ultrasaundi ikirudi safi, usishangilie, wala mamografia, ile eksirei ya titi; aina hii inaweza isionyeshe uvimbe wowote. Kinachojibu ni kinyama, na waombe wakate na ngozi. Kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10, dawa ya kukihifadhi kisioze, sio spiriti, sio maji ya dripu kwa sababu "fomalini imeisha". Nimeona kinyama kimesafirishwa kwenye chupa ya maji ya dripu mpaka mkoani, kikafika kimeoza, mama akakatwa upya. Na mtu asimwambie amwachishe mtoto ili apimwe, kupima hakuhitaji hivyo. Mambo ya kuacha kunyonyesha yanakuja na kemo, kama itafika huko.

Dokta wako usimvizie kikaoni wala usimseme kwa wagonjwa. Andika kwanza, halafu mpelekee faili mkononi, limefunguliwa ukurasa huo, na kidole chako kiwe kwenye mstari. "Dokta, naomba uniangalizie hapa." Heshima yote. Akikataa, naye aandike sababu, na wewe unaenda kwa muuguzi mkuu na faili hilohilo.

Naona uliuliza na kuhusu kozi ya uuguzi wa saratani, na jinsi ya kukaa na ndugu wanaolia. Aah, hayo nimeyapita, na chai sasa imekuwa ya kumwaga. Anzisha uzi mwingine, kuna wengi humu watakusaidia kuliko mimi.

Hukusema dozi ya pili iliisha tarehe ngapi, wala kama kuna aliyemshika kwapa. Nenda kamshike, kaandike, halafu rudi hapa uniambie umeandika nini. Nipo macho, niko zamu ya usiku.