Mtoto kafia usingizini, je mama anadaiwa kafara?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwanangu wa miezi mitatu nilimnyonyesha usiku nikamlaza pembeni yangu mzima kabisa, alfajiri nikamkuta pale pale nilipomlaza ameshafariki. Hospitali wamepima hawakuona sababu. Mama mkwe anasema nimemlalia, lazima nifunge miezi miwili. Wifi zangu wanasema ni jicho la jirani. Sili wala silali, nisaidie.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Dada yangu pole sana, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Allah akupe subira.

Nianze na hilo la kufunga maana naona ndo linakumaliza. Kafara ya miezi miwili mfululizo imetajwa Suratun Nisaa aya ya 92 na inamhusu aliyeua kwa kukosea, yaani imejulikana kabisa kwamba yeye ndo sababu, sasa wewe imejulikana wapi? Mtoto umemkuta alipokuwa, madaktari hawana jibu, na mama mkwe hakuwepo chumbani. Kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ni kwamba yakini haiondoki kwa shaka, na wanazuoni walioulizwa kuhusu mama aliyemkuta mwanawe kafa pembeni yake na hajui kilichomuua wamejibu hana kitu. Huna kafara, huna dhambi. Ungeamka umkute chini yako hapo tungeongea mengine.

Na vifo hivi vipo dunia nzima, madaktari wanaviita kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, mtoto hajafika mwaka analala mzima haamki, wengi ni wa miezi miwili mpaka minne, wanachunguza kila kitu wanakosa sababu.

Jicho lipo, hadithi zimelithibitisha, lakini kumtaja jirani bila ushahidi ni ile dhana iliyokatazwa Suratul Hujurat aya ya 12. Siku aliyofariki Ibrahim mtoto wa Mtume (s.a.w) jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo chake, na Mtume yeye ndo mfiwa lakini akawakatalia, akasema jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Hakukubali msiba wake ubandikwe maneno ya watu, na wewe usikubali.

Kulia lia, wanaokwambia unakufuru wamekosea. Mtume alimbeba Ibrahim huyo akikata roho na machozi yakamtoka, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Na Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba watoto hawa wanatembea Peponi, mtoto atashika nguo ya mzazi wake hatoiachia mpaka Allah amuingize naye Peponi. Mwanao anakujua wewe ni nani.

Allah akikujaalia mwingine mlaze chali, godoro liwe gumu kidogo, pasiwe na mito wala mablanketi mazito, alale sehemu yake karibu na kitanda chako, na asivutiwe sigara ndani. Uingereza na Marekani walianza kuwafundisha watu kulaza watoto chali miaka ya 1990 na vifo hivi vikapungua zaidi ya nusu. Sikwambii haya ili ujilaumu kwa wa kwanza, nakwambia kwa ajili ya anayekuja.

Maziwa yakikujaa yakauma nenda kliniki, usikae nayo kimya, na huko kutokula kutolala waambie pia. Mumeo namuomba asome hapa mwenyewe, na mamake apigiwe simu na yeye, leo, asikuachie wewe kazi ya kujitetea.