Madaraja yanajengwa, mbona watu bado wanaondoka?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nauza viazi hapa Uyole, Mbeya. Juzi fundi simu alituonesha video ya daraja la Bangladesh, refu hatari, magari juu treni chini, tukabaki midomo wazi. Mwenzangu akadakia, hao hao ndo wamejaa Uarabuni wanabeba zege. Sasa kama kwao kunajengwa hivyo wanakimbia nini?
Muuza viazi, Uyole

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo ni daraja la mto Padma, kilomita 6 na ushee, lilifunguliwa Juni 2022. Benki ya Dunia ilifuta mkopo wake 2012 kwa tuhuma za rushwa, jamaa wakasema basi tutajenga kwa hela yetu, na wakajenga kweli. Hapo nawapigia makofi. Ila daraja halichagui, linapitisha mchele linapitisha na abiria, we mwenyewe si unaona hapo Uyole alfajiri basi la Dar linavyojaa vijana na mabegi yao.

Halafu anayeondoka mara nyingi siyo yule maskini wa mwisho kabisa. Kwenda Qatar au Malaysia kuna hela ya wakala, pasipoti, vipimo vya afya, tiketi, familia inakopa kwa riba au inauza kipande cha shamba, kwa hiyo nchi ikianza kupata kidogo ndo kwanza wanaomudu nauli wanaongezeka! Nepal ndo usiseme, hela za walioko nje ni zaidi ya moja ya tano ya pato la taifa, na nyingi zinaishia kwenye chakula, ada na deni la safari yenyewe.

Sasa waangalie Korea Kusini. Kuanzia 1963 walikuwa wanapeleka vijana kuchimba makaa Ujerumani Magharibi, manesi nao wakaenda. Barabara kuu ya Seoul mpaka Busan ilikamilika 1970 ila haikuja peke yake, ilikuja na viwanda vinavyoajiri, na leo Wanepali wanakesha wanasoma Kikorea wafaulu mtihani wa kwenda kufanya kazi huko huko.

Fundi akikuonesha daraja lingine muulize ng'ambo kuna kazi gani. Hata sisi Tazara inapita Mbeya tangu miaka ya 70, na viazi vyako bado vinapakiwa lumbesa kwenye Fuso vikiwa na udongo wake, chipsi zinakaangwa Dar.