Weka hiyo pampu chini kwanza (etefoni kwenye nyanya)

Usipige, mkuu. Umeandika nyanya zako za Ilula zina wiki tatu tu tangu zifunge matunda, bei ya tenga imepaa, na kijana wa duka la pembejeo amekushauri upige etefoni, dawa ya kuivisha matunda, ekari nzima "ziive kwa pamoja". Nimesoma hapo tumbo likanikata, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikaitikia kama mwanafunzi.

"Ni homoni tu, kama vitamini kwa mtoto." Ndivyo alivyosema yule muuzaji wangu huku akinipimia kwenye chupa ya soda isiyo na lebo. Kipimo? Kifuniko kimoja kwa pampu ya lita 16. Nikaweka viwili, kwa sababu nilikuwa na haraka na kichwa changu kigumu. Nikapiga saa saba mchana, jua linawaka, na joto huifanya hiyo dawa ifanye kazi kwa kasi zaidi.

Siku ya nne majani ya chini yakawa ya njano. Siku ya sita ukigusa mche, jani linabaki mkononi. Maua chini, vitumba chini. Majani yalipopukutika jua likayapata matunda uso kwa uso, yakababuka mabaka meupe. Rangi yalipata, ndiyo, ile ya chungwa iliyopauka, ila ndani magumu, ladha hamna. Dalali alipasua moja, akacheka, akaondoka na fuso lake tupu. Nilitegemea matenga 150, nikauza 22, tena kwa mama wa genge aliyenionea huruma. Mtaji ulikuwa pesa ya kikoba ya mke wangu, na hapo sisimulii zaidi. Tuseme shamba langu lilistaafu kabla ya umri, bila kiinua mgongo.

Bwana shamba ndiye aliyenifungua macho, nimeshachelewa. Etefoni ikiingia kwenye mmea inavunjika na kutoa ethilini, gesi ileile ambayo tunda hujitengenezea linapoanza kuiva. Sasa ethilini haichagui. Tunda lililokomaa linaiva, jani linazeeka, ua linadondoka. Jani hushikiliwa na auksini, homoni nyingine ya mmea, inayotiririka kutoka kwenye jani lenyewe kwenda kwenye shina. Ikipungua na ethilini ikazidi, seli za pale kwenye kikonyo zinaachiana. Wala si siri: Mrusi Dimitry Neljubow alionyesha mwaka 1901 kwamba gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikivuruga miche yake ya njegere. Miaka zaidi ya 120! Halafu mtu yuko kaunta anakuuzia, anakuambia vitamini.

Bibi yangu hakusoma, ila alivundika ndizi shimoni kwa moshi, na moshi una ethilini. Hakuwahi kuvundika mkungu mchanga hata siku moja. Aliutazama kwanza: kama ndizi bado zina pembe kali, uachwe mgombani.

Basi mimi nina sheria moja: PASUA KWANZA. Chuma nyanya tano kubwa za kijani, pande tofauti za shamba, uzipasue katikati kwa kisu kikali. Kisu kikikata mbegu, na ute bado haujajaa, hazijakomaa. Usiguse dawa yoyote ya kuivisha. Mbegu zikiteleza pembeni kwenye ute, zimekomaa, na hapo dawa ya nini tena? Chuma, zipange kivulini pamoja na chache zilizokwisha kuiva, zitageuka zenyewe, na miche yako itabaki hai ikubebee mchumo wa pili na wa tatu.

Za wiki tatu nakuambia kabisa, kisu kitakata mbegu. Lakini usiniamini, mimi ndiye niliyemwamini mtu wa chupa ya soda. Pasua, piga picha, weka hapa leo kabla hujachanganya chochote. Na hiyo chupa uliyouziwa, ina lebo?