Mhusika wako si lazima aseme

Vijana wengi hapa Unguja wanaonionyesha filamu zao fupi wana jicho zuri, lakini picha zao wenyewe hawaziamini. Mama amekaa uwani, machozi yanamtoka, halafu wanamtia maneno mdomoni: "Nina huzuni, mume wangu hajarudi kutoka baharini." Machozi tumeshayaona!

Mimi ningeipiga hivi. Mama amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Kamera iko karibu na mikono, na mkwaruzo unakwenda kwa mwendo mmoja. Kwa mbali inasikika mashine ya boti. Mkwaruzo unasita. Mashine inakaribia, inapita, inafifia. Mkono ungali umeshika kizio, kisha unaanza tena kukuna, taratibu kuliko mwanzo. Boti hatukuionyesha, hakuna aliyefungua mdomo, na mtazamaji amejua kuwa aliyepita siye anayengojwa.

Wala usimlazimishe mwigizaji akunje uso. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, aliunga uso uleule mmoja na sahani ya supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kuwa watazamaji waliona njaa, halafu msiba, na uso haukubadilika hata kidogo. Maana huzaliwa pale shoti mbili, yaani vipande viwili vya picha, zinapokutana.

Sisi tuna kanga pia. Jirani akipita mlangoni na kanga yenye maneno makali mgongoni, ugomvi wote umeshaelezwa. Sijui kwa nini tunaiacha silaha hii.

Sauti ndiyo inayodharauliwa zaidi, nayo inataka subira. Mji Mkongwe misikiti imekaribiana. Adhana ikianza, simamisheni kazi mpaka imalizike. Mkiendelea, wakati wa kuhariri itakatika vipandevipande, na hilo ni kukosa adabu kabla ya kuwa kazi mbovu. Zimeni feni na friji. Kabla hamjaondoka, watu wote wanyamaze, mnase dakika nzima ya sauti ya mahali penyewe. Ndiyo itakayoziba viungo vya uhariri. Ufukweni, kusi likivuma, maikrofoni bila kifuniko cha manyoya haifai kitu.

Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF), lililoanza 1998, huleta Ngome Kongwe wageni wengi wasiojua Kiswahili. Wafikirie hao. Ukimaliza kuhariri, itazame filamu yako bila sauti, kisha igeuzie mgongo uisikilize tu. Pasipoeleweka bila sauti, kapige picha upya. Pasiposikika kisiwa, rudi na kinasa sauti.