Kivumbasi: fukizo, vuo na homa ya mtoto

Mwanangu,

Umeniuliza mawili: kama fungu la majani ya kivumbasi alilokuletea mama mkwe wako kutoka Muheza linafaa kumfukizia mjukuu wangu mafua, na kama ni sawa aogeshwe vuo, yaani maji ya majani yaliyopondwa, usiku huu maana mwili una moto. Naanza na la pili, ndilo lenye haraka. Mtoto wa miaka miwili akiwa na homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, atobolewe kidole apimwe malaria. Akikutwa nayo atapewa dawa ya mseto kwa uzito wake. Vuo lingojee.

Nasisitiza hili kwa sababu ya degedege. Huku pwani wengi wanaamini kwamba huletwa na ndege wa kishetani, basi mtoto akikakamaa hukimbiziwa vuo na mafusho. Huenda hapo malaria imeshapanda kichwani, na kila saa inayopotea kwenye chetezo, chombo cha kufukizia, inamgharimu mtoto. Akikakamaa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Sasa jani lenyewe. Shika kitawi ukizungushe kati ya vidole: shina la kivumbasi lina pembe nne, na majani yake yamekaa mawili mawili yakitazamana, kingo zina meno kama msumeno mdogo. Fikicha jani moja unuse. Kivumbasi kikubwa, kile kinachofika kimo cha mtu, kwa kawaida hunukia karafuu, kwa kuwa mafuta yake yana yujenoli, ileile iliyomo kwenye karafuu. Likinukia utamu laini, huo ni mrehani, wa kutia kwenye kikuba pamoja na asumini. Likipiga harufu ya kafuri, ni ndugu yake mwingine, yule ambaye wakulima wa kikundi cha Muliru, kando ya msitu wa Kakamega kule Kenya, humkamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua. Huyo wa kafuri usimsogeze karibu na mtoto mchanga: kafuri yenyewe inaweza kuleta degedege.

Fukizo la mtu mzima ni konzi tatu za majani mabichi kwa lita tatu za maji. Chemsha maji peke yake mpaka yatokote, epua, ndipo utie majani, ufunike dakika tano. Wengi huyachemsha majani nusu saa nzima. Nyumba yote hunukia, wakafurahi, kumbe harufu ile ndiyo dawa, na imeshapanda darini. Sufuria ikae chini sakafuni pasipoyumba, kamwe isiwekwe mapajani. Jifunike shuka, fumba macho, uso uwe juu ya maji kwa shibiri mbili, dakika tano hadi kumi zinatosha. Pua itazibuka na makohozi yatalegea, lakini mafua yenyewe yatakwenda kwa siku zake.

Mtoto asifukizwe kabisa. Teke moja tu, maji ya moto yanammwagikia. Pua yake izibue kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai, kisijae, katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tone mbili kila tundu kabla ya kunyonya au kula.

Vuo si fukizo, wala halichemshwi. Majani hupondwa, yakavurugwa katika maji ya baridi ndani ya chano au beseni, na mgonjwa hunawishwa kichwa, uso na viungo huku ubani unafuka. Katika mambo ya pepo kivumbasi ni jani la kufukuzia, ndiyo maana mama mkwe wako amekileta, na amekileta kwa mapenzi. Usimrudishie mkono mtupu. Mwambie, "Mama, tutoke zahanati kwanza, homa ikishashuka utamwogesha wewe." Hapo konzi moja kwa ndoo ya lita kumi yatosha, maji yawe vuguvugu, yasifike machoni kwa sababu yanawasha, na asinywe. Hata wewe usiyanywe kama una mimba.

Kwa mbu, tundika vitawi vibichi dirishani na ubadilishe kila siku, kwani vikinyauka kazi imekwisha. Kuyatupa majani kwenye mkaa hufukuza mbu moshi ukiwapo tu, na kifua cha mtoto anayekohoa hakiutaki moshi huo. Chandarua kiwe pale pale.

Fungu lililobaki lisimamishe kwenye kopo la maji kama maua. Ukilifunga kwenye mfuko wa plastiki, huvunda upesi na kunuka nyasi zilizooza, na hilo halifai kwa fukizo wala kwa vuo.

Mama yako