Profesa wa saikolojia ya watoto anafanya kazi gani?

Mdogo wangu, umeuliza binti yako akisomea saikolojia ya watoto mpaka uprofesa atakuwa anafanya nini, maana huko Mafinga wanakuambia malezi hayasomewi. Mwangalie Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa watoto. Mwaka 1954 alifika Uganda, mumewe akiwa amepata kazi Kampala. Maabara hakuwa nayo. Alizunguka vijiji vya jirani na mkalimani, akawatembelea nyumbani akina mama 26, tena na tena kwa miezi mingi, akiwauliza na kutazama wanavyonyonyesha na kubembeleza. Baadaye akafundisha vyuo vikuu vya Marekani, Baltimore kisha Virginia, na akabuni jaribio la dakika 20 hivi: mama anatoka chumbani, halafu anarudi. Kinachoangaliwa zaidi si kilio cha kuachwa, ni jinsi mtoto anavyompokea mama akirudi.

Mimi nalea watoto kituoni hapa Tukuyu. Kuna mmoja wa mwaka na nusu, kila asubuhi, ukungu bado umetanda, anang'ang'ania kanga ya mama anayewahi kuchuma chai. Nilikuwa nasema amedekezwa. Lakini jioni mama akitokea tu, anamkimbilia, anajilaza kifuani, ananyamaza, na punde anarudi kwenye vikopo vyake. Huyo anajua ana pa kuegemea. Siku hizi najitahidi kumkalia karibu zaidi yule asiyelia kabisa na wala hageuki mama akiingia.

Mwache binti asome. Dar es Salaam na Dodoma saikolojia inafundishwa.