Karatasi ya CRP iliyosoma 8

Mwanangu wa miaka miwili aliamka saa nane usiku akiwaka moto. Saa moja asubuhi tulikuwa kwenye kliniki moja hapa Kisumu. Malaria hakuna, na kipimo cha damu kiitwacho CRP kikasoma 8, namba ndogo. "Ni virusi tu, mama, endelea na dawa ya homa." Nikarudi Nyalenda roho imetulia, karatasi nimeikunja kwenye pindo la leso.

CRP ni protini ya ini, hupanda mwili unapopigana na maambukizi, hasa ya bakteria. Ila ini halikurupuki: huchukua saa 6 hadi 12 kabla kipimo hakijaanza kupanda, na kilele hufika baada ya siku mbili hivi. Sisi tulipima saa tano tu tangu homa ianze! Hakuna aliyeniuliza ilianza lini, nami sikujua kwamba ni jambo la kusema. Wewe liseme hata usipoulizwa.

Kesho yake jioni akakataa maji. Mama mkwe akamfunua shati: chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi. Nikahesabu pumzi zake dakika nzima kwa simu, 62. Kwa umri wake, 40 tayari ni haraka. Tukapanda boda. Hospitalini akawekewa oksijeni na kanula, kile kimrija cha mshipani. Nimonia, CRP 142.

Huku kwetu ziwani pia kuna mtego mwingine. Malaria yenyewe hupandisha CRP, hata prokalsitonini, kile kipimo ghali kinachowahi kupanda. Kwa hiyo namba kubwa peke yake haithibitishi bakteria, na mtoto kupatikana na malaria hakumaanishi damu yake haina bakteria. Ndiyo maana simlaumu daktari anayeanza antibiotiki kwa mtoto aliyezidiwa kabla majibu ya kuotesha damu, kile kipimo cha kutafuta bakteria ndani yake, hayajatoka. Hayo huchukua siku.

Asubuhi iliyofuata CRP ikasoma 178. Nikalia palepale koridoni. Muuguzi akanishika bega: "Mama Baraka, umemtazama mtoto au umetazama karatasi?" Nikageuka. Baraka ameketi, anamnyang'anya nyanyake kijiko cha uji. Namba ilikuwa bado nyuma yake. Siku mbili baadaye ilisoma 60.

Ile karatasi ya 8 ninayo hadi leo. Pembeni nimeandika kwa kalamu: homa saa nane, damu saa moja.